Kiroba cha Kolwezi

Ukisimama Tunduma, kwenye ile foleni ya malori isiyoisha, utayaona yanayotoka Kongo, yamefunikwa turubai, yakielekea bandari ya Dar es Salaam. Mengi yamebeba shaba, mengine kobalti ya kutengenezea betri. Takriban asilimia 70 ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo. Dereva ana karatasi za uzito, za mwenye mzigo, za unakokwenda. Aliyeokota jiwe hayumo.

Kule Kolwezi, mji wa migodi kusini mwa Kongo, watoto wengi wanaofanya kazi hii hawashuki mashimoni. Wanaokota mawe kwenye vifusi vya migodi, wanayachambua, wanayaosha mtoni, wanajaza viroba. Mwaka 2016 Amnesty International, shirika la haki za binadamu, walieleza habari za watoto wanaofanya kazi hadi saa 12 kwa siku, kwa dola moja au mbili. Mnunuzi anapima kiwango cha madini kwa mashine yake mwenyewe, anataja bei, mtoto anapokea. Kisha kiroba kinamwagwa kwenye rundo moja na mawe ya watu wazima. Basi, kesi imekwisha.

Naam, kesi. Mwaka 2019 Apple, Google, Dell, Microsoft na Tesla zilishtakiwa Washington na familia za watoto waliokufa au kulemaa migodini. Zikashinda. Mahakama ya rufaa mwaka 2024 ilisema kununua bidhaa kupitia mnyororo wa biashara si kushirikiana na wanaotumikisha watoto. Kisheria, sawa. Lakini viwanda vya betri hukataa kobalti kwa uchafu usioonekana hata kwa macho. Mtu wa kuchunguza chembe hizo anashindwaje kuuliza kiroba kimetoka kwa nani?

Wapo wanaosema dawa ni kuwafukuza wachimbaji wadogo wote. Hapo naguna. Hao ndio baba za watoto hawa. Baba akipunjwa kwenye mizani ya mnunuzi, kesho mtoto anabeba kiroba cha pili, hata kama elimu ya msingi ni bure kwa mujibu wa Katiba ya Kongo ya 2006 (utekelezaji wenyewe ulisubiri hadi 2019, na daftari bado linanunuliwa).

Mimi ningeanzia kwenye mizani ile: iwe ya umma, bei ibandikwe ukutani, na kampuni ya mwisho kwenye mnyororo ilipie mkaguzi wa kukaa pale kila siku. Wakaguzi wa kuja na ndege wiki moja, watoto wanawajua; siku hiyo hawaonekani.