Nilikwenda Kigoma na Risasi Nane

"Mzigo una nini?" askari aliniuliza pale stesheni ya Kigoma, mwisho wa reli, saa ambayo mtu aliyepanda treni Dar es Salaam hana tena akili ya kuchagua maneno.

"Mkanda wa risasi," nikajibu.

Kiswahili changu hakikuwa na kosa. Yale madini mazito ambayo mzamiaji hujifunga kiunoni ili azame yanaitwa risasi, na tatizo ni kwamba za bunduki nazo zinaitwa hivyohivyo. Nilipoona foleni nyuma yangu imerudi hatua mbili, nikaharibu zaidi: "Ziko nane tu, afande. Kilo moja moja."

Begi likamwagwa lote. Mapezi ya mpira, maski, regulata ya kuvutia hewa mdomoni, koti la hewa la kuelea, vazi la kuzamia la milimita tano. Askari akakipima kipande kimoja kiganjani, akacheka, akaandika kwenye daftari: *risasi nane, za majini.* Nikaondoka na heshima yangu karibu yote.

Shemeji yangu, tuliyejifunza naye kuzamia Unguja, alikuwa ameshanitafutia mwenyeji kule Kibirizi. Mzee wa makamo ya baba yangu, kofia ya kitambaa, kandambili. Miaka mingi aliwabebea mitungi ya hewa vijana wanaokamata samaki wa mapambo, wale wa rangirangi wanaokaa mawe ya Ziwa Tanganyika na kusafirishwa nje. Mwenyewe hajawahi kutia regulata mdomoni. Bei yake elfu thelathini kwa nusu siku.

Nikaona naibiwa. Mimi nimezamia zaidi ya mara 300, Mafia, Pemba, Mnemba. Mtu asiyezamia aniongoze wapi? Hata hivyo adabu ni adabu.

"Shikamoo mzee. Maji hapa yanakupwa saa ngapi?"

"Marahaba." Akanitazama kwa muda. "Mwanangu, hili ni ziwa. Yakikupwa yaende wapi?"

Shemeji akajifanya anakohoa. Mzee akauinua mkanda wangu kwa mkono mmoja. "Hizi ni za chumvi. Toa tatu. Halafu msiingie sasa hivi, nyavu za usiku bado hazijatolewa. Subirini saa nne."

Hesabu ya risasi niliijua, nimeiandika mwenyewe kwenye daftari langu la mafunzo. Maji ya bahari ni mazito kuliko ya ziwa kwa takriban asilimia mbili na nusu. Mimi na vyombo vyangu vyote tuna kilo kama 105, kwa hiyo ziwani unapunguza kati ya kilo mbili na nusu na tatu. Kupima ni rahisi: ukiwa juu ya maji, koti tupu, umeshika pumzi ya kawaida, maji yakufike usawa wa macho, ukitoa pumzi, uzame polepole. Kama mtungi ni wa alumini na umejaa, ongeza kilo mbili, kwa sababu hewa nayo ina uzito na utaimaliza njiani. Dakika tatu hazifiki. Lakini kufundishwa na kandambili mbele ya shemeji? Nikasema, "Asante mzee, tutajitegemea." Shemeji akaninong'oneza, "Shem, tumsikilize." Sikumsikiliza hata yeye.

Saa mbili asubuhi tukakodi boti na kijana wa injini, tukapita Bangwe hadi kwenye mawe. Nikajirusha kinyumenyume kwa madaha ya watu wa pwani.

Sikuzama, nilidondoka. Kufika mita nne masikio yanapiga kelele, kufika kumi vazi limebanwa na maji na halinielei tena, kwa hiyo uzito unazidi kadiri ninavyoshuka. Na kule chini si kama kwetu, kwamba ukikosea utakaa kwenye mchanga wa mita 20 ujipange. Ufuko wa Kigoma ni mteremko, na ziwa lenyewe penye kina kikubwa zaidi lina mita 1,470. Nikalijaza koti hewa, nikapaa kama puto; nikaitoa, nikashuka tena. Shemeji, mwenye risasi zake tano, alikuwa ametulia usawa wa mita 18, mikono kifuani, ananitazama napanda na kushuka kama ndoo ya kisimani.

Hewa nayo ikaisha haraka. Dakika 20 za namna ile zilinigharimu bari 110, kipimo cha shinikizo la mtungi, kati ya 200. Saa yangu ya kuzamia, ile inayohesabu kina na muda wa kukaa chini, ilikuwa bado imewekwa kwa maji ya bahari, usawa wa bahari. Ziwa liko mita 773 juu, shinikizo la hewa ni kama asilimia 91 ya lile la pwani, na mita 18 za hapa mwilini zinahesabika kama karibu 20. Ya shemeji inajipima mwinuko yenyewe, kwa hiyo tukafuata ya shemeji. Naandika hivyo kwa uchungu.

Nikatua kwenye uwanja wa makombe ya konokono kupumzika. Hapo nikakutana na mwenye nyumba, samaki wa urefu wa kidole cha mwisho, anayeishi ndani ya kombe moja. Akatoka, akaniuma glavu. Nikasogeza mkono, akaufuata. Akachota mchanga kwa mdomo, akaja kuutema mbele ya maski yangu, akarudi kuchota mwingine. Mtu wa mara 300 nikahama.

Tukapanda. Kwenye mita tano tukasimama zile dakika tatu za kupunguza naitrojeni, gesi ya hewa inayojikusanya mwilini ukiwa chini. Dakika ya pili, kitu kikanishika kisogoni.

Wavu wa uzi mmoja wa nailoni hauonekani majini, na mahali unapopenda kunasa ni valvu ya mtungi, nyuma ya shingo, usikoweza kuona. Dawa yake inajulikana: usigeuke. Simama, pumua, rudi nyuma kidogo ili uzi ulegee, mwenzako akate. Mimi nikageuka kutazama ni nini. Kisha nikageuka upande wa pili kuhakikisha. Shemeji alipofika na kisu nilikuwa nimeviringishwa kama sambusa, na hajakata futi sita nikaanza kwenda juu bila hiari yangu.

Mwenye wavu alikuwa ameona boya linacheza. Akavuta akijua ni sangala wa mwaka. Nilichokumbuka ni kimoja tu, kutoa pumzi njia nzima, maana ukiibana wakati unavutwa juu mapafu yanapasuka. Nikatokea ubavuni mwa mtumbwi nikitoa mapovu.

"Huyu samaki," akasema polepole, "ana mtungi wa gesi."

Kesi ilisikilizwa mwaloni kwa nusu saa, mshtakiwa nimesimama kwenye maji ya magotini, jirani na matete, yaani palepale konokono wa kichocho wanapopenda. (Wiki nane baadaye nikanywa praziquantel, dawa ya kichocho. Mapema haisaidii sana, inaua minyoo iliyokomaa.) Wengine walisema mwizi wa nyavu, mwingine jini, ila akashindwa kueleza jini anataka mtungi wa nini. Kukawa na fidia ya elfu sitini. Ndipo nikaona kofia ya kitambaa inakuja.

Mzee akausikiliza wavu, wala si mimi, kwa vidole. Akamwambia mwenye wavu, "Huyu ana kilo tatu za risasi hana kazi nazo. Nilimwambia asubuhi."

Risasi huyeyuka kwenye sufuria kuukuu juu ya mkaa, nje penye upepo maana moshi wake ni sumu, na kilo tatu zinatosha chubwi nyingi tu za kamba ya chini ya wavu. Mwenye wavu akavipima vipande, akaridhika. Mzee akaninyooshea kiganja.

"Elfu thelathini."

"Ya nini tena, mzee? Hukuniongoza popote."

"Nimekuongoza kutoka kwa hawa."

Nikalipa. Kesho yake nikalipa tena, tukaingia saa nne na risasi tano, yeye botini ananyoosha kidole nyavu zilipo na mwamba wenye nyoka wa majini, wa jamii ya swila, ambao hauingizwi mkono. Nikaelea kama binadamu. Tulipotoka akauliza treni ni lini, akaamuru nipumzike siku nzima kwanza, kwa kuwa Tabora iko juu zaidi, kama mita 1,200, na mapovu ya ile naitrojeni mwilini hayajui kama umepanda ndege au behewa.

Stesheni nikamkuta askari yuleyule. Akafungua begi, akahesabu, akafungua daftari, akahesabu tena.

"Uliingia na nane," akasema. "Hizi ni tano. Tatu umempiga nani?"