Upole wa kusafisha protini hauishii kwenye bafa

Anayesafisha protini kwa kromatografia, yaani kuipitisha sampuli kwenye kolamu (mrija uliojazwa kitu kinachotenganisha vilivyomo), hutafuta mambo mawili yanayovutana: sampuli itakate, na molekuli ibaki na mikunjo yake ya asili ili iendelee kufanya kazi. Kimeng'enya kilichokunjuka hakina faida kwa anayekihitaji, hata kikiwa safi kwa asilimia 99.

Wanaosisitiza njia za upole wana hoja nzito. Katika kromatografia ya awamu iliyogeuzwa, molekuli hushikwa na uso unaochukia maji, kisha hubanduliwa kwa asetonitrili yenye asidi. Utenganishaji wake ni wa hali ya juu, lakini kimiminika hicho huzikunjua protini nyingi. Insulini, yenye amino asidi 51 tu na vifungo vitatu vya salfa vinavyoishikilia, huvumilia, na viwanda huisafisha kwa njia hiyo. Kimeng'enya kikubwa chenye vipande vinne huenda kikasambaratika kisiungane tena. Kinyume chake ni uchujaji wa jeli, ambao Jerker Porath na Per Flodin waliutangaza mwaka 1959. Molekuli kubwa haziingii kwenye vitundu vya punje za jeli, hivyo hutangulia kutoka, ilhali ndogo huingia na kuchelewa. Kwa kuwa hakuna kinachonaswa, hakuna kinachohitaji kubanduliwa, na bafa, yaani mmumunyo unaodhibiti pH, huchaguliwa kulingana na mahitaji ya protini yenyewe.

Hata hivyo, naona hesabu hiyo ya upole haijakamilika. Sampuli inayoingizwa kwenye kolamu ya jeli haipaswi kuzidi asilimia chache za ujazo wake, na hutoka ikiwa imezimuliwa. Katika uzimulifu huo, vipande vya protini vilivyoshikana kwa udhaifu vinaweza kuachana, na sehemu ya protini ikanata kwenye kuta za chombo. Baadaye italazimu kuikoleza tena kwa utando, hatua ambayo nayo huweza kuzalisha mabonge. Ikiwa sampuli ilikuwa bado chafu, vimeng'enya vinavyokatakata protini vimekuwa vikifanya kazi muda wote huo, japo baridi ya nyuzi 4 hupunguza kasi yao.

Kingamwili hulionyesha jambo hili vizuri zaidi. Hunaswa na protini A, protini ya bakteria inayoshika kingamwili, iliyofungwa kwenye punje, kisha hubanduliwa kwa bafa ya asidi yenye pH ya kati ya 3 na 4. Kwa kutazama pH peke yake, njia hii ni kali, na kweli zipo kingamwili zinazogandamana humo. Lakini hatua moja huondoa sehemu kubwa kabisa ya uchafu, na asidi inaweza kuondolewa ukali wake mara tu sampuli inapotoka. Tena, katika utengenezaji wa dawa, kingamwili huachwa kwa makusudi katika pH ya chini kwa muda ili kuangamiza virusi vyenye utando wa mafuta. Ukali huo unahitajika.

Pale ambapo nakubaliana kabisa na watetezi wa upole ni kwenye virusi vinavyotumika kubeba jeni, hasa lentivirusi. Hivi ni vikubwa mno kuingia kwenye vitundu vya punje za kawaida, kwa hiyo hufaa monolithi, yaani kolamu ya kipande kimoja chenye njia pana ambamo mkondo wenyewe huvibeba upesi. Chaji za ioni huvinasa na chumvi huvibandua, lakini chumvi hiyohiyo, ikiwa nyingi, hupunguza uwezo wao wa kuambukiza seli. Ni lazima izimuliwe papo hapo. Hapa uzimuaji, uliokuwa hasara kwenye jeli, ndio unaookoa.

Kwa sababu hiyo, madai kwamba njia fulani ni ya upole yanapaswa kuambatana na kipimo cha utendaji kwa kila miligramu, pamoja na jumla ya utendaji uliosalia, baada ya kila hatua. Picha ya jeli ya umeme, inayopanga protini kwa ukubwa ili kupima usafi, hata ikiwa na mstari mmoja safi, haithibitishi lolote kuhusu hilo. Tena kila jaribio liwe na sampuli ya kulinganishia, isiyopitishwa kwenye kolamu, bali iliyokaa katika bafa ileile, baridi ileile na kwa muda uleule. Bila hiyo, hasara iliyoletwa na kusubiri itahesabiwa kuwa kosa la kolamu.