Bunduki mbili za baba mdogo: kuzirudisha zilivyokuwa au kuziuza?

Baba yangu mdogo, mkazi wa Masindi, Uganda, ana bunduki mbili za .303 (ndicho kipimo cha risasi zake), zote kwa leseni, zote Lee-Enfield, bunduki ya jeshi la Uingereza, zilizoanzia jeshini kisha zikakatwa ziwe za kuwindia. Macho yamemchoka. Mwaka huu ametuita watoto tumshauri: azirudishie umbo la kijeshi, au aziuze angali hai? Ukoo umegawanyika. Mimi nimezishika, nimezifungua, na naona tunazibebesha hukumu moja wakati hazifanani.

Wanaotaka zirudishwe wana hoja ya damu. Babu alikuwa Keya, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki (King's African Rifles), batalioni ya nne, ile iliyoandikisha vijana wa Uganda, na mwaka 1944 alikuwa Bama (Myanmar ya leo), katika bonde la Kabaw, akipigana na Wajapani. Alichobeba kilikuwa Lee-Enfield. Vita vilipokwisha maghala yalijaa bunduki, zikauzwa kwa bei ndogo kuliko bunduki mpya ya kuwindia, na mafundi wakazipunguza uzito: mbao za mbele zikakatwa, vilengeo vikabadilishwa, mitutu mingine ikafupishwa. Hakuna aliyeona vibaya, maana zilikuwa nyingi mno. Leo zilizobaki nzima ndizo zinazotafutwa.

Bunduki ya kwanza ya baba mdogo ni Lee-Enfield ya muundo unaoitwa Namba 4. Ubavuni imepigwa maneno U.S. PROPERTY, naye miaka yote aliamini ilikuwa ya jeshi la Marekani. Kumbe ilitengenezwa na Savage huko Marekani kwa ajili ya Waingereza, wakati wa vita. Nilipoichunguza nilifurahi kweli. Mtutu haujaguswa, vile vishikizo vya singe bado vipo mdomoni, na namba ya bolti, kile kipande kinachofunga nyuma ya mtutu, inalingana na ya mwili. Kilichokatwa ni mbao ya mbele tu, na vile vifuniko vya juu ya mtutu vimeondolewa. Ukipata mbao na mikanda yake ya chuma, bunduki inarudi ilivyokuwa bila kutobolewa wala kuchomelewa popote. Hii nasema irudishwe. Sharti ni fundi mwenye leseni apime kwanza nafasi kati ya kichwa cha bolti na kitako cha risasi. Namba 4 ina vichwa vya bolti vya kubadilisha, vyenye namba kuanzia 0 hadi 3, na kuweka kisichofaa ni hatari kwa uso wa mpigaji. Mafundi wa Katwe, mtaa wa mafundi wa vyuma Kampala, nawaheshimu sana, ila kazi hii si yao.

Ya pili ni ya muundo wa zamani zaidi, ule ulioanza 1907, na hapo napishana na binamu zangu. Mtutu wake, ambao kiwandani huwa na sentimita 64 hivi, umekatwa. Mwili umetobolewa matundu ya kufungia darubini. Kuirudisha maana yake ni kutafuta mtutu mwingine, kuziba matundu na kununua mbao zote, na mwishowe utakuwa na mkusanyiko wa spea uliovaa jina la bunduki ya zamani. Gharama itapita thamani yake. Tena ile sura ya kuwindia ina historia yake hapa kwetu. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mskoti W. D. M. Bell aliwinda tembo Karamoja, na miongoni mwa bunduki zake ilikuwamo ya .303. Bunyoro nayo, tembo walipoharibu mashamba, serikali ya kikoloni ilituma watu wenye bunduki. Kitako cha hii ya baba mdogo kimelainika kwa mashavu ya watu tusiowajua. Kukipiga msasa ili kifanane na kipya ni kufuta kitabu.

Upande wa kuuza nao una uzito. Leseni ni ya mtu, hairithiwi kama shamba. Mzee akifariki, bunduki iliyobaki ndani bila mwenye cheti ni kesi. Uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku 1979, na hata uliporudi kwa majaribio kando ya Ziwa Mburo mwaka 2001, haukumhusu mzee wa Masindi. Lakini binamu wanaoonyesha simu zao na bei za Marekani wanajidanganya. Mnunuzi hapa lazima awe na kibali, na watu hao ni wachache. Hata mbao za kurudishia ile Namba 4 haziagizwi kama spea za bodaboda.

Hoja iliyonigusa kuliko zote ni ya shangazi. Alisema: "Nimeona bunduki za jeshi zikiingia nyumbani kwa watu. Hii imevuliwa sare, nanyi mnataka kuivalisha tena?" Nilimjibu kwamba mbao haziiongezei makali, utaratibu wa kupiga ni uleule. Jibu ni sahihi kifundi, ila halikumtosha, na sidhani lilistahili kumtosha. Aliyeishi miaka ile haoni mbao, anaona umbo. Ndiyo maana naona Namba 4 irudishwe kwa shabaha moja tu: itolewe jumba la makumbusho pale Kitante, Kampala, kama watakubali kuipokea, isimame karibu na historia ya Keya badala ya sebuleni kwetu. Ile iliyokatwa iuzwe kama ilivyo kwa mwenye kibali, na akikosekana ikabidhiwe polisi mzee akiwa bado anaweza kutia sahihi mwenyewe.

Baba mdogo amekubali ya kwanza. Kuhusu ya pili amenyamaza. Nimenakili namba za zote mbili kwenye daftari, na Jumatatu nampeleka kituoni na cheti chake, tuulize kwa maandishi.