Vyumba sita, LUKU moja
Nimesoma makala ya umeme, mwandishi anasema mita janja zinazoonyesha matumizi kwenye simu zitatufanya tupunguze umeme. Sawa, kwa mwenye nyumba yake. Huku Igoma nilikopanga tuko vyumba sita, LUKU moja (mita ya umeme wa kulipia kabla), na kila umeme ukiisha ni kikao uani. Mama wa chumba cha mbele anauza barafu, friji haizimwi. Kijana wa pembeni ana jagi la umeme na pasi. Mimi nina taa mbili na chaja, mchango sawa! Hiyo simu itasoma yuniti za nani?

Mita yetu ya zamani ina kitaa chekundu kinachokonyeza, na pembeni imeandikwa 1000 imp/kWh, yaani kikikonyeza mara 1000 yuniti moja imekwenda. Jumapili moja nikawaomba wenzangu tuzime vyote, tuwashe kimoja kimoja. Balbu ya wati 9, tulisubiri karibu dakika saba ndipo kikakonyeza mara moja (kuna aliyedhani mita imekufa). Jagi la wati 2000? Hata sekunde mbili hazikufika. Kijana mwenyewe akacheka, akalizima. Siku hizi anaongeza mchango bila kuambiwa.

Friji ya mama ilitushinda, maana inajiwasha na kujizima yenyewe, hesabu zikapotea. Hapo ndipo submita, yaani mita ndogo ya kila chumba, ingefaa, hata isiyo na intaneti. Mwenye nyumba tumemwambia tangu Kwaresima. Anasema atakuja kuona.