Nusu kwa nusu isiyotulia

Katika Ziwa Tanganyika yumo samaki aitwaye Perissodus microlepis, anayeishi kwa kunyofoa magamba ya samaki wenzake. Mdomo wake umepinda: waliopinda kulia hushambulia ubavu wa kushoto wa windo, waliopinda kushoto hushambulia wa kulia. Kundi moja likizidi, mawindo huanza kuulinda ubavu ule unaoumizwa mno, na wale wachache wa upande wa pili ndio wanaoshiba. Mwaka 1993 mtafiti wa Kijapani, Michio Hori, alionyesha kwamba makundi hayo hukaribia nusu kwa nusu, lakini huyumba, huku likizidi, kule likipungua.

Je, msawazo unaoyumba tuuite thabiti?

Kwa kipimo cha watafiti wa mageuzi John Maynard Smith na George Price cha mwaka 1973, ndiyo. Wao huuliza jambo moja: wageni wachache wakiingia na mkakati tofauti, watawashinda wenyeji? Uzuri wa swali hili ni kwamba halidai ujue tabia inarithiwaje. Chukua mchezo wa mwewe na njiwa, ambamo wanyama wawili hugombea chakula, “mwewe” hupigana na “njiwa” hukwepa vita: chakula kina thamani ya 2, jeraha hugharimu 6, na hesabu ya dakika mbili inakupa mwewe theluthi moja ya jamii. Nalithamini sana jambo hilo, maana data za porini ni haba.

Ila kipimo hicho hakina saa. Mwaka 1978 Peter Taylor na Leo Jonker waliandika mlinganyo wa mwendo: mkakati unaolipa kuliko wastani huongezeka. Humo, kila kinachofaulu kipimo cha 1973 huvuta jamii irudi kwake, lakini ipo migawanyo ya mikakati inayovuta vilevile ingawa imefeli kipimo. Na kuyumba kwa samaki wetu naona kunatokana na muda. Anayezaliwa upande wake ukiwa na faida huchukua muda kukua na kuzaa. Akifika hapo, faida imeshahamia ng'ambo.

Hata hivyo mwendo nao una mtego wake. Katika mchezo wa jiwe, karatasi na mkasi, ushindi na hasara zikilingana, katika mlinganyo wa Taylor na Jonker, ambao huhesabu muda mfululizo, mgawanyo wa mikakati huizunguka katikati, yaani theluthi kwa kila mkakati, bila kukoma. Ukihesabu kwa hatua, kizazi baada ya kizazi, mzunguko unapanuka na kukimbia katikati. Mchezo ni uleule, saa ndiyo iliyobadilika.

Kwa hiyo mimi ningeanza na kipimo cha 1973 nijue katikati ni wapi, kisha niulize samaki huyu huzaa akiwa na umri gani, kabla sijatamka neno “thabiti”.