Mauaji Yasiyoweza Kutokea Zama Nyingine

Anayependa riwaya za upelelezi zinazorejea zama za kale, hasa zile za upole ambazo damu haimwagwi mbele ya macho ya msomaji, huzoea kuambiwa kwamba anasoma vitabu vya kupitisha muda. Maiti, wanasema, huonekana mapema na kufunikwa shuka haraka, mpelelezi huenda mwendo wake wa pole, kisha mwovu hujulikana na watu hurudi kwenye shughuli zao. Sehemu ya maelezo hayo ni kweli, wala sioni haya kuyakubali, kwa kuwa nazisoma riwaya hizi kwa raha na si kwa kutafuta falsafa. Ninachokataa ni dai kwamba historia iliyomo ndani yake ni mavazi ya kukodi tu. Katika vitabu vibaya vya aina hii dai hilo ni sahihi kabisa, na vitabu hivyo ni vingi. Katika vilivyo vizuri, zama zenyewe ndizo zinazoua, na zama zenyewe ndizo zinazomfichua muuaji. Kwa hiyo nikimaliza kitabu hujiuliza swali moja: tukiufuta mwaka na mahali, je, mauaji yale yangeweza kutendeka vilevile?

Mwandishi anayelijibu swali hilo vizuri kuliko wote ninaowajua ni Edith Pargeter, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1913 katika jimbo la Shropshire, na ambaye wasomaji wengi wanamfahamu kwa jina la Ellis Peters. Kati ya mwaka 1977 na 1994 alitoa riwaya 20 kuhusu Bruda Cadfael, mtawa wa Kibenediktini katika mji wa Shrewsbury, karne ya 12. Cadfael ni mzaliwa wa Wales, aliyepigana Vita vya Msalaba na kufanya kazi ya ubaharia kabla ya kuingia utawani akiwa mtu mzima. Sasa analima bustani ya mimea ya dawa na kutengeneza mafuta ya kuchua, sharubati za kikohozi na marhamu ya vidonda. Pargeter mwenyewe alifanya kazi katika duka la dawa alipokuwa kijana, na jambo hilo linaonekana kila mara anapoielezea ile karakana ya mtawa, kwa sababu haitaji tu majina ya mimea bali anajua kipi huchemshwa, kipi hulowekwa na kipi hakipaswi kuachwa mahali ambapo mtu yeyote anaweza kukichukua. Msomaji anayeifahamu Peramiho au Ndanda, kusini mwa Tanzania, hatakuwa mgeni sana katika abasia hii, yaani nyumba ya watawa anamoishi Cadfael: ni shirika lilelile, lenye kanuni ileile ya Mtakatifu Benedikto, na lenye siku iliyogawanywa kati ya sala na kazi.

Tuanze na One Corpse Too Many, ya mwaka 1979. Uingereza ilikuwa imegawanyika wakati huo kati ya Mfalme Stephen na binamu yake Maud, binti wa Mfalme Henry wa Kwanza, na mwaka 1138 Stephen aliiteka ngome ya Shrewsbury na kuwanyonga walinzi wake. Hayo ni ya historia. Pargeter anamtuma Cadfael kwenda kuwasitiri wafu hao, ambao kitabuni ni 94, na mtawa huyo, ambaye amezoea kuhesabu maiti tangu ujana wake vitani, anahesabu 95. Mtu fulani ameuawa kwa siri kisha akatupwa miongoni mwa walionyongwa kwa amri ya mfalme. Sijui mahali pazuri zaidi pa kuficha maiti, na ni mahali ambapo pasingekuwepo bila vita ile, bila hasira ya mfalme yule na bila asubuhi ile. Zaidi ya hayo, kitabu kinauliza kwa nini mtu ahangaike kumtafuta muuaji wa mmoja wakati muuaji wa 94 amekaa kitini na taji kichwani. Cadfael hana jibu la kisiasa. Ana msimamo tu kwamba yule wa 95 naye alikuwa mtu, na kwamba hakuna aliyemhukumu. Anayeuita upole huu wepesi sijui anasoma nini.

Monk's-Hood, iliyotoka mwaka 1980, ni nzuri hata zaidi, na hapa naomba radhi kwa kufunua kidogo. Bwana mmoja mwenye ardhi ameamua kuikabidhi mali yake kwa abasia ili apewe nyumba na matunzo hadi kufa. Mkataba haujapigwa muhuri, kwa sababu mamlaka ya mkuu wa abasia yamesimamishwa kwa muda, na katika siku hizo chache za kusubiri, bwana huyo anakula chakula chenye sumu na kufa. Sumu yenyewe imetoka katika mafuta ya kuchua viungo vya wazee ambayo Cadfael aliyatengeneza kwa mikono yake. Lakini uzuri wa kisa hauko kwenye sumu. Uko kwenye mpaka. Ardhi ile iko upande wa Wales, na sheria za Wales za wakati huo hazikukubaliana na za Uingereza kuhusu nani mrithi. Hasa, mtoto wa nje ya ndoa aliyetambuliwa na baba yake alikuwa na haki ambayo Waingereza hawakumpa. Kwa hiyo swali la nani anafaidika na kifo lina majibu mawili, kutegemea umesimama upande gani wa mpaka. Kwa msomaji wa Tanzania, ambako mirathi ya marehemu mmoja inaweza kuvutwa huku na sheria ya Kiislamu, kule na mila, na kwingine na sheria ya serikali, jambo hilo halihitaji maelezo marefu.

Nina manung'uniko pia. Karibu katika kila kitabu wapo vijana wawili wanaopendana, na msomaji aliyezoea anaweza kuwatambua tangu wanapotajwa na kuwaondoa katika orodha ya washukiwa, jambo linalopunguza utamu. Vilevile dhamiri ya Cadfael wakati mwingine inafanana mno na ya mtu wa karne ya 20. Mtawa wa wakati wake, nadhani, angeogopa zaidi moto wa jehanamu na angewaamini zaidi wakubwa wake. Navumilia hayo kwa sababu mbinu zake za upelelezi haziibi chochote kutoka wakati wetu. Polisi wa London walianza kuhifadhi alama za vidole mwaka 1901. Cadfael ana pua, macho, kumbukumbu ya mahali ambapo mmea fulani huota, na ujuzi wa watu.

Njia ya kurudi kale ilikuwa imekwishafunguliwa na Agatha Christie. Riwaya yake Death Comes as the End, ya mwaka 1944, inatokea Misri yapata miaka 4,000 iliyopita, na msingi wake ni barua halisi za mkulima na kuhani aitwaye Hekanakhte, ambazo wataalamu wa akiolojia walizipata karibu na Luxor. Katika barua hizo mzee huyo, akiwa safarini, anailaumu familia yake kwa kumtendea vibaya suria wake. Christie aliliona fukuto la nyumba ile na akalipeleka hadi kwenye vifo, tena vingi kuliko ilivyo kawaida ya aina hii.

Kwetu kuna hali ya pekee. Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyochapishwa mwaka 1960, haikuandikwa kama riwaya ya kihistoria. Ilikuwa ni Zanzibar ya siku zake. Mapinduzi ya 1964 yaliifanya iwe ya kihistoria, na leo tunamsoma Bwana Msa, mpelelezi wake, na kiko chake kama tunavyomsoma mtu wa dunia iliyokwisha. Swali langu inalijibu barabara, kwa sababu maiti inakutwa penye mzimu, mahali ambapo hofu ya watu ni ulinzi tosha kwa mwenye siri, na mpelelezi anafaulu kwa kuwa yeye haogopi. Kinachonishangaza ni kwamba wachache waliofuata wamekwenda nyuma kwa makusudi, ilhali bandari zetu zina kumbukumbu za forodha, kesi za makadhi na barua za wafanyabiashara za kutosha kuficha maiti hata kumi.

Anayetaka kumjaribu Cadfael asianze na kitabu cha kwanza, chenye safari ya kwenda Wales kuchukua mifupa ya Mtakatifu Winifred, ingawa kinachekesha sana. Aanze na cha pili, hicho cha maiti 95, kwa sababu humo ndimo anamokutana na Hugh Beringar, kijana ambaye kwa kurasa nyingi huwezi kujua ni adui au rafiki, na ambaye baadaye anakuwa sherifu wa jimbo.