Mmeruka miaka ya Napoli
Asanteni kwa makala yenu kuhusu Mtakatifu Thomas Aquinas, mwanateolojia mkuu wa Kanisa Katoliki, ila mmeanzia miaka yake ya Paris moja kwa moja, kana kwamba hakuwa na utoto. Alizaliwa Roccasecca, Italia, mnamo 1225 hivi, na angali mdogo wazazi wakampeleka kwa watawa Wabenedikto wa monasteri ya Monte Cassino. Baadaye alisoma Napoli, na huko ndiko alikokutana na maandishi ya Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, na Wadominiko pia, shirika la watawa wahubiri. Alipojiunga nao, 1244, ndugu zake wa damu walimteka njiani, akafungiwa kwao karibu mwaka mzima. Hakuyumba! Baadaye wanafunzi wenzake walimwita maksai bubu kwa ukimya wake. Inasimuliwa kuwa mwalimu wao, Albert Mkuu, aliwajibu kwamba mlio wa maksai huyo utasikika duniani kote. Nafundisha katekisimu, na watoto wakimya ndio ninaowasimulia kisa hiki kwanza.